Udumavu na uzito uliozidi chini ya paa moja: namna ya kupima mtoto, kusoma kadi na kupanga sufuria

Kadi ya kliniki inaweza kuonyesha kijani tupu, mama akapongezwa, na kumbe mtoto amedumaa na papo hapo amezidi uzito. Chukua hesabu hii: msichana wa miezi 24 ana kilo 12.5. Wastani wa umri wake ni kilo 11.5, kwa hiyo nukta yake inakaa vizuri juu ya mstari wa katikati. Sasa mlaze kwenye ubao wa kupimia: urefu ni sentimita 79. Msichana wa umri huo akilazwa na kupatikana chini ya sentimita 80 amedumaa. Tena, mwili wa sentimita 79 kwa kawaida hubeba kilo 10 hivi, na ukivuka kilo 12 huhesabiwa kuwa umezidi uzito. Ufupi umepunguza kilo, mafuta yamezirudisha, na mizani haikuona lolote.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na futi kabla ya kufika jikoni. Umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchini Tanzania, ambako matatizo yote mawili yapo na mara nyingi yanakaa nyumba moja. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka asilimia 34 za mwaka 2015/16. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, ulikuwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Wakati huohuo, zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamezidi uzito au wana kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Watoto wadogo waliozidi uzito bado ni wachache, kama asilimia 4, ila idadi hiyo haiwahesabu wale wa shule ya msingi wanaokwenda na hela ya chipsi mfukoni.

Chanzo cha hali hizi mbili mara nyingi ni sahani ileile: ugali mweupe au wali mwingi, mafuta, chai ya sukari, na mboga kiasi cha kulowanishia tonge. Mtoto wa mwaka mmoja anashiba lakini hapati protini, zinki, chuma na vitamini za kujengea mifupa na damu. Mama yake ameshamaliza kukua kimo, kwa hiyo nguvu ya ziada kwake inageuka mafuta. Yule mtoto aliyedumaa naye akifikisha miaka mitano na kuanza kulishwa "ili anenepe", kilo zinapanda kuliko sentimita. Anayeshauri nyumba kama hiyo "ongezeni chakula" anamzidishia mzigo mmoja wao, na anayesema "punguzeni" anamuumiza mwingine. Kinachobadilika ni kilichomo sufuriani na namna ya kukigawa.

Kupima urefu

Wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Kuanzia miaka 2 hupimwa amesimama. Usichanganye, kwa sababu mtoto akilala hutoka mrefu kwa sentimita 0.7 kuliko akisimama. Ikiwa umelazimika kumsimamisha wa chini ya miaka 2, ongeza 0.7 kwenye kipimo. Ukimlaza wa zaidi ya miaka 2, punguza 0.7.

Kupima kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika kichwa, mwingine anashika miguu na kusoma. Mvue viatu na soksi, fungua mabutu au ondoa kibanio kinachoinua kichwa. Utosi uguse ubao wa kichwani, macho yatazame juu wima, mabega na makalio yalale bapa. Anayeshika miguu abonyeze magoti taratibu kwa mkono mmoja mpaka yanyooke, kisha kwa mkono mwingine alete kibao cha miguuni hadi nyayo zote mbili zikigandamize, vidole vikielekea juu. Soma hadi sehemu ya kumi ya sentimita, andika, halafu mwinue na umpime upya. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 0.5, pima mara ya tatu na uchukue viwili vinavyokaribiana.

Mtoto atalia. Usimalize haraka kwa sababu hiyo, maana goti moja lililokunjwa linaweza kumpunguzia sentimita mbili na kumwita amedumaa ilhali hajadumaa.

Pasipo na ubao rasmi, sukuma meza ndefu iguse ukuta, ubandike futi ya chuma ya seremala kwenye meza kuanzia ukutani, kichwa cha mtoto kiguse ukuta, na tumia kitabu kigumu kama kibao cha miguu. Tepu ya kitambaa ya fundi cherehani ikishazeeka huvutika, usiitegemee. Kwa anayesimama: visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta usio na ubao wa pembeni chini, na kitabu kishuke kichwani kikiwa kimebanwa ukutani kwa pembe mraba. Kipimo cha nyumbani hakichukui nafasi ya kliniki, lakini kinatosha kukuonyesha kama kuna la kuuliza.

Kwa uzito, mizani isome sifuri kabla, mtoto awe na chupi tu, na isomwe hadi gramu 100. Mizani ya kuning'inia isomwe mtoto akitulia na jicho la msomaji likiwa usawa wa mshale. Nepi iliyolowa, sweta na kitenge vinaweza kufika nusu kilo kwa pamoja, yaani zaidi ya anachoongeza mtoto wa mwaka mmoja kwa mwezi.

Kosa kubwa kuliko yote haya ni umri. "Ana mwaka na kidogo" si umri. Chukua tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi na uhesabu miezi iliyokamilika. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kukosea mwezi mmoja kunabadilisha urefu unaotarajiwa kwa karibu sentimita moja nzima.

Kusoma matokeo

Kadi za sasa zina chati ya urefu kwa umri, ile ambayo mara nyingi hubaki tupu wakati chati ya uzito imejaa nukta. Mwombe muuguzi aijaze. Mipaka ya chini ifuatayo ni ya Shirika la Afya Duniani, kwa sentimita. Chini yake mtoto anahesabiwa amedumaa:

Miezi 6: mvulana 63.3, msichana 61.2
Miezi 12: mvulana 71.0, msichana 68.9
Miezi 24, amesimama: mvulana 81.0, msichana 79.3
Miaka 3: mvulana 88.7, msichana 87.4
Miaka 5: mvulana 100.7, msichana 99.9

Kisha soma uzito kwa urefu, chati ambayo haijali umri. Chini ya mstari ulioandikwa -2 kwenye chati mtoto ni mkondefu. Chini ya -3 ni mkondefu mno. Juu ya +2 amezidi uzito, juu ya +3 ana kiribatumbo. Kati ya +1 na +2 bado hajazidi, ila anaelekea huko, na ndipo pa kushtuka mapema bila kupiga kelele.

Kuanzia miaka 5 kipimo kinabadilika: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mvulana wa miaka 10 mwenye mita 1.35 na kilo 36 anapata 19.8. Kwa umri wake uzito uliozidi unaanza baada ya 18.5 na kiribatumbo baada ya 21.4, kwa msichana wa miaka 10 ni 19.0 na 22.6. Usitumie kile kipimo cha watu wazima cha 25 na 30 kwa mtoto wa shule: wengi waliozidi watapita kama wazima.

Utepe wa kupimia unene wa mkono ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Pima katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto umelegea, utepe usibane nyama. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Utepe hauoni udumavu hata kidogo. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono wa sentimita 15 na kupita kila zoezi la utambuzi kijijini.

Jambo hili lina historia. Mradi wa lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168 uliwafundisha wanakijiji kupima watoto wao, kujadili matokeo na kuchukua hatua, na utapiamlo mkali ulishuka. Ulijengwa juu ya uzito kwa umri, kipimo kinachofaa kumwokoa mtoto anayedhoofika. Mtoto anayedumaa taratibu na kujaa mwili hakionyeshi.

Ukiwa na vipimo vyote viwili, nyumba nyingi zitaangukia mojawapo ya hali hizi. Mkondefu, awe mrefu au mfupi, ni wa kituo cha afya leo, mengine yasubiri. Aliyedumaa lakini uzito unalingana na urefu wake anahitaji chakula bora zaidi, si kingi zaidi, na hahitaji zile pakiti za karanga za tiba. Pakiti hizo ni za ukondefu mkali, na kumpa aliyedumaa tu ni kumnenepesha bila kumrefusha. Aliyedumaa na kuzidi uzito anahitaji nyama, samaki, mayai, mikunde na mboga, na kuondolewa sukari na vya kukaangwa. Mrefu wa kawaida aliyezidi uzito hapunguzwi kilo. Anasimamishwa pale alipo mpaka kimo kimfikie.

Chini ya miaka miwili: hapa ndipo urefu unapookolewa

Udumavu mwingi hutokea kati ya ujauzito na mwaka wa pili, siku 1,000 kwa hesabu ya wataalamu. Baada ya hapo kurudisha sentimita zilizopotea ni kazi ngumu sana.

Maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila maji wala uji wa "kumzoesha". Maziwa yaendelee hadi miaka 2 au zaidi, hata kwa mtoto anayeonekana kibonge. Akitimiza miezi 6 anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula mara 2 au 3 kwa siku, ukipanda hadi nusu kikombe cha mililita 250 kila mlo. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4, na asusa mara 1 au 2. Mwaka 1 hadi 2, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na asusa.

Tatizo la uji wetu ni maji. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240 kwa mlo. Kikombe cha uji mwepesi wa kunyweka kina kalori 50 hivi, wakati mtoto wa miezi 9 anahitaji takriban 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Angelazimika kunywa vikombe sita, na hawezi. Uji mzito, unaokaa kwenye kijiko kilichoinamishwa na kudondoka kwa mabonge, una kama 110. Ukiutia kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga unakaribia 200. Vikombe viwili kwa siku, ukivigawa mara nne, vimetosha, na bado nafasi ya boga na yai ipo.

Kwa kikombe kimoja: unga vijiko 4 vya chakula vya usawa, maji kikombe kimoja na nusu, au nusu maji nusu maziwa. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye yanayochemka, pika dakika 15 moto mdogo. Epua, tia kijiko cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, na kijiko cha chai cha unga wa dagaa. Sukari haina kazi hapa. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha.

Ule unga wa lishe wa kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga na dagaa kwa pamoja unapendwa sana na haustahili sifa zake. Nafaka tano haziongezi mengi ambayo moja haina. Zote ni kundi lilelile. Soya ambayo haikuchemshwa au kukaangwa vizuri inazuia mmeng'enyo wa protini. Karanga na dagaa vikikaa ndani ya unga kwa wiki kadhaa mafuta yake huchacha. Kama lazima uchanganye, chukua nafaka moja au mbili vipimo 4 kwa kipimo 1 cha karanga au maharage yaliyokaangwa, saga ya wiki mbili tu, na dagaa weka chombo chake.

Karanga ndizo za kuangaliwa zaidi. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu huweza kubeba sumukuvu, ambayo haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa mtoto mdogo hata dozi ndogo za kila siku zinahusishwa na kudumaa. Nunua karanga nzima, zichambue moja moja, saga mwenyewe. Ukinunua zilizokwisha kusagwa huwezi kujua zipi zilitupwa na zipi zilifichwa.

Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi, waanike tena, wakaange kavu dakika chache, twanga na uchekeche. Usitumie waliotiwa chumvi.

Kuna ufundi mmoja wa zamani ambao haufai kuachwa: kimea. Chagua ulezi safi, uloweke usiku kucha, futa maji, utandaze kwenye kitambaa chenye unyevu na uufunike siku 2 hadi 3 ukinyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukishachipua, anika juani hadi ukauke kabisa, pukuta vichipukizi na mizizi utupe, saga. Pika uji mzito mno, karibu ugali. Uache upoe mpaka uweze kuvumilia kidole kwa muda mfupi tu, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Ndani ya dakika chache utalegea na kunyweka, ukiwa bado na unga uleule. Urudishe motoni uchemke dakika 5 ili kuua vijidudu vya kwenye kimea. Ukikitia wakati uji unachemka hakitafanya kazi, maana kimeng'enya kinakufa kwa moto. Na usitumie mtama badala ya ulezi kama huna hakika ya kupukuta vizuri: vichipukizi vya mtama vina sumu.

Ulanzi (pombe ya mianzi), togwa lililochachuka na chai ya rangi si vinywaji vya mtoto. Chai hata ya maziwa huzuia chuma kufyonzwa, na zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, vibonge wakiwemo.

Sufuria moja ya nyumba nzima

Hakuna mama mwenye kuni na muda wa kupikia watu watatu vyakula vitatu. Pika kimoja, badilisha uwiano, kisha gawa kwa akili.

Kwa watu sita waliozoea kilo moja ya unga na robo ya maharage, jaribu robo tatu ya unga na nusu kilo ya maharage. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, chemsha hadi yapondeke. Tia vitunguu, nyanya, karoti, na mafuta vijiko 3 au 4 vya chakula kwa sufuria nzima. Pima kwa kijiko. Anayemimina kwa jicho hutia mara tatu yake bila kujua. Lita moja ya mafuta ni kama vijiko 66. Familia ya watano ikiimaliza kwa wiki, kila mtu anakula karibu vijiko 2 kwa siku, yaani kalori 230 na ushee juu ya chakula chenyewe. Lita hiyo ikifika wiki mbili, hamjapungukiwa na kitu. Mchicha, matembele au majani ya maboga yaingie mwishoni, dakika 5 yametosha. Kamulia ndimu mezani au toa chungwa baada ya mlo ili chuma cha kwenye mboga kifyonzwe. Chai isogezwe saa moja mbele.

Kabla ya kuongeza chumvi na pilipili, toa sehemu ya mtoto mdogo: maharage mengi, mboga, mchuzi kidogo, ponda, ongeza kijiko cha karanga au dagaa, na umpe kwenye bakuli lake mwenyewe. Bakuli la peke yake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye sinia la pamoja mdogo hushindwa mbio na kaka zake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mkubwa aliyezidi uzito anaanza na mboga na maharage nusu ya sahani, ugali kama ngumi yake, samaki au yai. Akitaka kurudia, arudie mboga na maharage. Asinyimwe mbele ya wengine wala asiitwe "bonge". Watoto wanaoaibishwa hula kwa kujificha.

Yai na maziwa ya nyumbani yasiuzwe yote. Ukiwa na mayai saba kwa wiki, matatu au manne yabaki kwa wa chini ya miaka 5. Ini mara moja kwa wiki, kipande kidogo, linampa chuma na vitamini A ambavyo nafaka haina vya kutosha.

Juu ya unga watu hubishana bila mwisho. Dona ina virutubisho zaidi kuliko sembe, ila kama mahindi yalipata ukungu dona ni mbaya zaidi, kwa kuwa sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini ambavyo sembe huviondoa. Mahindi mazuri yaliyokauka na kuchambuliwa, saga dona. Ukiyashuku, usiyale kwa namna yoyote. Hapo nunua sembe iliyoongezwa virutubishi, yenye nembo kwenye mfuko.

Nje ya jikoni

Mtoto wa miaka 4 au 5 anatumia kama kalori 1,300 kwa siku, na sukari ya kuongezwa inapaswa kubaki chini ya vijiko 8 vya chai, bora iwe chini ya 4. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina vijiko 9. Juisi za pakiti na za unga hazipishani nayo sana. Hiyo ni chupa moja, kabla ya chai ya asubuhi na maandazi. Badala ya kupiga marufuku kila kitu, fanya soda iwe ya sikukuu, na maji yakae mahali mtoto anapofikia.

Hela ya shule ndiyo inayoharibu mpango mzuri wa nyumbani. Mtoto aliyetoka bila kifungua kinywa atanunua chipsi, barafu za rangi na biskuti saa nne. Mpe viazi vitamu vilivyochemshwa, yai, ndizi au karanga kwenye kopo, na upunguze hela kuliko kumhubiria. Wazazi wakikaa kikao cha shule wanaweza kukubaliana na wauzaji wa getini kuhusu mihogo ya kuchemsha na matunda. Muuzaji anafuata anachonunuliwa.

Kwa wa miaka 3 na 4, saa tatu za kuchezacheza kwa siku na usingizi wa saa 10 hadi 13. Televisheni na simu visizidi saa moja, na kwa wa mwaka mmoja visiwepo. Wa shule anahitaji dakika 60 za kutoka jasho, na kutembea kwenda shule kunahesabiwa. Simu ya kumtuliza wakati wa kula iondoke kabisa: mtoto anameza bila kujua ameshiba.

Mtoto anayeharisha kila mwezi hatarefuka inavyopaswa hata akila vizuri. Sabuni kabla ya kupika na kulisha, kinyesi cha mtoto chooni, maji yaliyochemshwa. Akiharisha: maji maalumu ya chumvi na sukari ya pakiti, vidonge vya zinki kama alivyoelekeza mhudumu, na aendelee kula. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kila miezi 6, Juni na Desemba. Vitamini A kuanzia miezi 6, minyoo kuanzia mwaka 1.

Bibi akisema mtoto amepungua kwa sababu amepunguziwa maandazi, usibishane naye kwa maneno. Mpe kadi aone, na umpe kazi ya kumlisha mdogo yai lake. Bibi akiwa upande wako umeshinda nusu ya vita.

Wakati wa kwenda kituoni bila kusubiri

Nenda siku hiyohiyo ikiwa mkono uko chini ya sentimita 11.5, mtoto anakataa kula au kunyonya, analegea, au amevimba miguu yote miwili. Kupima uvimbe, bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ni hatari hata kama uzito unaonekana mzuri. Uvimbe ni maji, nayo huongeza kilo, na wako waliosifiwa kuwa wamenenepa wakati wanakaribia kufa.

Kwa aliyezidi uzito, mpeleke akikoroma na kukata pumzi usingizini, akiwa na weusi mnene kama uchafu usiotoka shingoni, au akinywa maji na kukojoa kupita kawaida. Dawa za kupunguza mwili, chai za kukonda na kufunga kula si za mtoto kwa hali yoyote.

Baada ya kubadilisha chakula, uzito wa chini ya miaka 2 upimwe kila mwezi. Urefu upime kila baada ya miezi 3, kwa kuwa ukipima kila wiki utakuwa unaandika makosa ya mkono wako. Kati ya mwaka 1 na 2 mtoto hurefuka kama sentimita 12. Kati ya 2 na 3 kama 9. Kutoka hapo hadi miaka 5 ni 7 hivi kwa mwaka. Wa miaka mitatu aliyezidi uzito akiongeza karibu sentimita 2 kwa miezi mitatu na mizani ikabaki palepale, mpango unafanya kazi, uendelee. Aliyedumaa wa miezi 14 akiwa hajapata hata sentimita 2 kwa muda huohuo, rudi kwa afisa lishe wa halmashauri na kadi, na umweleze mtoto anakula nini, mara ngapi na kwa kikombe kipi.